Vichupa vya Nyambura na Taa ya Friji Yangu

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko hata ile ya harusi yangu, na kila nikiikumbuka nainamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi pale Kamenu, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, aliponiambia kwamba taa ya ndani ya friji haizimiki hata ukifunga mlango. Inamulika chakula mchana na usiku, akasema, na ndiyo inayomaliza tokeni za umeme za watu. Dawa yake ni kupunguza vitu. Friji ikikosa cha kumulika, taa inapumzika yenyewe.

Usinicheke bado. Niliamini vile unavyoamini kwamba kesho kutakucha. Na wakati huo ndio nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, cheti changu nimekitundika sebuleni juu kuliko picha ya harusi, na hakuna mgeni aliyepewa chai kabla ya kukisoma.

Friji yenyewe tuliinunua ikiwa imetumika, mimi na mke wangu Wairimu. Ilikuwa ndiyo friji pekee katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga kule Ruiru, na mambo ya ploti unayajua: friji ya mmoja ni ya wote. Huyu analeta nyama ya Jumapili, yule anaweka maji ya mgeni. Nilijiona chifu. Lakini tokeni zilikuwa zinaisha kama maji kwenye ungo, na mita yetu ikianza kulia, hata kuku wa jirani walijua ni kwetu.

Basi nikaamua kuifumania hiyo taa. Nanyata hadi jikoni, nafungua mlango ghafla: inawaka. Naufunga, nasubiri kidogo, nafungua tena: inawaka. Naufungua kiasi cha kupitisha jicho tu: bado inawaka. Nikitoka kazini Thika, kabla sijavua viatu, nafungua. Jumapili ndiyo usiseme. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya friji kama mtu anayetazama mpira, nikifungua na kufunga hadi bawaba zikanijua kwa jina. Mota ilinguruma bila kupumzika, nikadhani itajing'oa itoke nje ikatafute hewa. Mlio huo nao nikausingizia taa.

Sasa, mlango wa pili alikaa Nyambura, mama mchanga aliyekuwa akimlea binti yake Kui peke yake. Alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha kushona nguo. Kila asubuhi na kila jioni alikamua maziwa yake, akayatia kwenye vichupa, akavileta kwa friji yetu. Mchana, yule mama aliyetunza watoto pale kwa ploti alikuja kuchukua kimoja kimoja, Kui akinyonya chupa huku mamake anashona. Kazi yote ya Nyambura ilisimama juu ya vile vichupa.

Jioni moja, watu wakianua nguo uani, nikamwita. Nikamweleza kwa sauti ya mwalimu kwamba taa inamulika vichupa vyake usiku kucha, kwamba tokeni zinaisha, na kwamba mimi si kampuni ya stima, basi aviondoe.

Wairimu akaniambia polepole, “Baba Muthoni, si ni maziwa tu ya mtoto?”

“Na nani hapa ako na cheti?” nikamjibu. Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuwashinda.

Nyambura hakucheka. Alinifuata ndani, akasimama mbele ya friji nikimtolea vichupa, akitazama tikiti maji langu lililojaza rafu nzima peke yake. Hilo sikulitoa. Akavifunga vichupa kwa leso.

“Sawa, Baba Muthoni,” akasema. “Pole kwa stima yako.”

Hapa ndipo huwa natamani kuruka, mwanangu, lakini sitaruka. Alijaribu kuviweka kwenye beseni la maji chini ya kitanda. Joto la Ruiru unalijua. Kufika saa sita mchana maziwa yalikuwa yameharibika. Kui akaanza kuharisha. Nyambura akawa anakimbia kutoka kiwandani wakati wa chakula aje anyonyeshe, akirudi amechelewa, hadi msimamizi wake akamwambia achague kazi au mtoto. Muda si mrefu nikaona godoro lake likipakiwa kwenye pikapu. Alikuwa anarudi kwa mamake, kijijini Ngoliba, na kazi ameiacha.

Majirani wengine nao wakaacha kuleta vitu vyao, tikiti langu likaisha, friji ikabaki na jagi la maji tu, na mita ikalia vilevile. Hata ilizidi, kwa maana sasa nilifungua kuangalia kama taa imepumzika. Nikakaa mbele ya friji tupu, taa ikinimulika mimi.

Wairimu hakunisema. Angenisema ningepata nafuu. Jumapili iliyofuata nilimwomba anisindikize Ngoliba. Tulimkuta Nyambura akichambua ndengu na mtoto mapajani. Mamake akatupatia chai bila kutuuliza kilichotuleta. Nikaomba msamaha, nikaeleza yote, hadi ya kinyozi.

Kabla sijakuambia alichonijibu, chukua nasaha yangu kwanza, maana nikishamaliza hilo sitakuwa na uso wa kusema lingine. Tokeni zikiisha mbio, chunguza mkono wako mwenyewe kabla ya kumchunguza jirani. Usisimame na mlango wa friji wazi ukiwaza utakula nini. Githeri yako ya mahindi na maharagwe iache ipoe kwanza ndipo uiweke ndani. Angalia ule mpira wa mlango kama bado unabana. Na ikiwa ni lazima kitu kitolewe, toa chako kwanza. Zaidi ya yote, ukijaliwa kuwa na kile ambacho wenzako hawana, usiwe mtu ambaye watu wanaogopa kumwambia ukweli ndani ya nyumba yake.

Mungu akupe nyumba isiyokosa chakula wala mwanga, akupe majirani wanaobisha hodi bila kusita, na mtoto wa yeyote asilie njaa kwa sababu yako.

Sasa jibu lake. Nyambura alimwinua Kui kutoka mapajani akamlaza begani, akanitazama bila hasira.

“Baba Muthoni, hiyo taa huzimika mlango ukifungwa. Kuna kitufe kidogo hapo kwa fremu, kibonyeze na kidole utaona. Tokeni zilikuwa zinaisha kwa sababu ya kufungua-fungua. Nilikuwa nakusikia kwa ukuta kila Jumapili. Ningekuambia, lakini friji ilikuwa yako.”