Mfiwa Hawashi Moto Wake

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha Kayna, sikupewa sindano wala kipimajoto. Nilipewa kigoda. Titulaire, ndivyo tunavyomwita muuguzi mkuu wa kituo, alinionyesha mama mmoja aliyekimbia vita, akaniambia nikae karibu naye mpaka atakapotaka kusema. Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi, diploma ingali inanuka wino, na huyu mzee ananigeuza mlinzi! Mama yule alifungua kinywa jioni. Aliponisimulia alikowaacha wanawe, nilielewa kwamba kuna kidonda kisichofungwa kwa bendeji, na kigoda kile sikukidharau tena.

Vita vilitufundisha kazi upesi kuliko shule. Kutoka Kayna nilihamishiwa hospitali ya Beni, na uzee ulipoanza kubisha hodi nikaletwa Butembo, zahanati ya chuo kikuu. Jamaa zangu walinicheka: Mama Katungu amepata kazi ya kugawia wavivu vidonge vya kichwa wakati wa mitihani. Nami nilicheka nao. Kumbe Ebola ilikuwa njiani, na vita navyo havikuwa vimekwisha. Upande wa Beni watu walikuwa bado wanauawa mashambani.

Ugonjwa ulipofika, Daktari Mkuu wa chuo alinipa kazi ya msikilizaji. Nilipita mabwenini, nikasimama mbali kidogo na kila mlango, nikawauliza wanafunzi wanalalaje, wanakulaje, wanaogopa nini. Ilikatazwa kushikana mikono, kula sahani moja, kuketi mkeka mmoja, na kufanya matanga. Katazo hilo la mwisho ndilo lililotuvunja moyo. Kwetu mtu akifiwa, watu huja kuketi naye chini kuzunguka moto, na mfiwa hawashi moto wake mwenyewe. Jirani ndiye anayemletea kaa kutoka jikoni kwake.

Kambale, mwanafunzi wa kilimo aliyetoka Kasugho, alifiwa na mama yake katika kituo cha matibabu huko Beni. Wazikaji wenye mavazi meupe walimzika mama huyo haraka, mwanawe akiwa huku Butembo. Nilimkuta kijana ameketi mlangoni, mbabula yake, lile jiko la makaa tunalootea baridi, imezimika mbele yake. Chakula hakukigusa. Jembe lake la mazoezi ya shambani lilikuwa limeegemezwa ukutani.

"Mama, banasema bamemuzika, lakini mi hapana ona uso yake," aliniambia. "Sanduku inaweza kuwa ya mawe. Kesho niko naenda Beni, nitafungula kaburi."

Mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza vibaya sana, na barabara ile ilikuwa na wenye mapanga. Asingerudi. Nilimweleza kila nilichojua, naye akanisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Nilikwenda kwa Daktari Mkuu. Alitaka kijana afungiwe chumbani. Nikamwambia kufuli si dawa. Akiwa bado ananifokea, Masika, msichana wa kitivo cha sheria, alibisha hodi. Wenzake wa mabwenini walikuwa wamemtuma.

"Docteur, sisi hatuombe matanga," alisema. "Tunaomba tu kumupelekea moto. Mufiwa hapana washa moto yake."

Daktari alikuwa mtu mkali, lakini mama yake mwenyewe alizikwa Lubero, na sisi sote tulijua alivyomlilia. Alizipitia sheria zake kwa vidole: mkono, sahani, mkeka. Kisha akashusha pumzi.

"Moto, hakuna mutu aliikataza. Bashike na koleo. Bakae mbali-mbali."

Jioni ile, baridi ya Butembo ikishuka, kila mwanafunzi mwingine aliwasha mbabula mbele ya mlango wake. Masika alitangulia, kaa moja kwenye koleo, mkono kaunyoosha. Akaliweka katika mbabula ya Kambale, akarudi nyuma. Akafuata mwingine, na mwingine. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Wakatoliki walianza wimbo, Waprotestanti wakaudaka, na sijui ni nani aliyewapatanisha sauti. Nimezalisha wanawake huku risasi zikilia, lakini pale nilisimama mdomo wazi. Hawa ndio tuliokuwa tukiwasema kwamba hawajui kitu ila simu! Nilistaajabu, na mpaka leo sijaacha kustaajabu.

Mbabula ilipojaa, Kambale aliinama, akapuliza makaa. Alimwita mama yake kwa jina, akalia mpaka wimbo ukakoma. Kisha akanitazama.

"Mama Katungu, chukua jembe. Mama amekufa."

Nililichukua. Beni hakwenda.

Nilistaafu wakati wa ugonjwa mwingine, ule wa barakoa. Vijana wanaosomea ushauri huja kwangu mtaani Mususa kuniuliza dawa ya huzuni, nami huwatania kwamba ningeijua ningekuwa na nyumba ya ghorofa. Ninachojua ni kukaa na mtu, na hata hilo nilifundishwa kwa kulazimishwa.

Mume wangu alifariki miezi hiyohiyo, matanga yamekatazwa tena. Niliketi mbele ya mbabula baridi, kiberiti kiko pale, na mkono ukakataa kukifikia. Muuguzi mzima! Mara nikasikia hodi. Alikuwa Kambale, barakoa usoni, kaa jekundu kwenye koleo.

"Usisimame, Mama," alisema. "Moto nimeleta."