Fremu Nyeusi ya Su-yue

Fremu nyingine ya baiskeli ilipasuka Jumatatu asubuhi, kwa mlio wa kuni kavu. Bosi Ke, mwenye kiwanda, akacheka kwa hasira.

"Daktari Jian, baiskeli yako ni ya kutazama tu, si ya kupanda!"

Jian Su-yue akainama kuokota vipande. Alikuwa mtafiti wa maabara ya serikali kule Hsinchu, binti wa fundi weldi. Maabara ilimtuma Taichung, kiwandani kwa Ke, ili waunde pamoja fremu ya nyuzi za kaboni. Wageni walinunua baiskeli za chuma za Ke, wakazibandika majina yao, kisha wakasema Wataiwani wanajua kunakili tu. Maneno hayo ndiyo Su-yue aliyotaka kuyafuta.

Mchana akaja Bwana Fang wa wizarani. Hata chakula hakugusa.

"Basi, inatosha. Kodi za watu si za kuchezea. Ubunifu ni kazi ya wenye viwanda."

"Nani, mimi?" Ke akaruka. "Mimi nikikosea mwaka mmoja, nafunga mlango! Serikali ndiyo yenye kifua cha kukosea."

Su-yue akaweka vijiti vyake mezani.

"Mnasukumana kama watoto waliomwona mbwa. Nipeni mpaka sikukuu ya mwezi mpevu. Mkikataa, nitaendelea tu. Ufunguo wa tanuri la kuokea fremu ninao mimi."

"Unatutisha?" Fang akauliza.

"Nawaarifu."

Fang akamkazia macho, kisha akavuta sanduku lake la chakula na kuanza kula. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Tatizo lilikuwa kwenye maungio ya mabomba ya fremu. Su-yue alibadili namna ya kulaza nyuzi. Mafundi wa Ke, baada ya kunung'unika wiki nzima, wakaingiza mpira wa ndani wa gurudumu katika bomba na kuujaza upepo, ili nyuzi zibanwe kutoka ndani. Tanuri lilipofunguliwa, fremu ilitoka nyeusi, bila ufa.

Fang aliporudi, Su-yue alimgeukia Ke, mtu mnene kuliko wote mtaani.

"Panda wewe, Bosi."

"Unataka kuniua?"

"Ulisema ni ya kutazama. Hebu tukutazame."

Ke akateremka mlima Dadu akipiga kelele njia nzima. Chini akashuka mzima, jasho likimtiririka, akiipapasa fremu kama farasi. Hapohapo akamvuta Su-yue kando.

"Hamia kwangu. Mshahara mara mbili. Ila siri hii ibaki hapa."

"Siri gani? Umelipia nusu, nusu nyingine wamelipia wauza tambi na walima mpunga kwa kodi zao. Viwanda vyote vitafundishwa."

"Hata majirani zangu? Wale wezi?"

"Hata wao. Kawashinde kwa kazi."

Ke akaapa hatamsemesha tena. Siku ya mafunzo, ukumbi wa maabara ulijaa wenye viwanda. Ke alikuwa amekaa mstari wa mbele, amenuna, na hakuna aliyeuliza maswali mengi kumzidi.