Niliifuta e-reader ya Mwalimu wangu bila kumuuliza

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kwa kawaida mimi huingia jukwaa hili kujibu maswali ya wengine. Leo nimekuja na langu, na nitalieleza lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha.

Mimi ni fundi wa kompyuta, nafanya kazi ofisi moja hapa Ganjoni. Kwetu ni Kaloleni, lakini shule ya upili nilisomea kisiwani, na aliyenifundisha Kiswahili ni Mwalimu Athmani wa Mji wa Kale. Insha zangu zilikuwa mbovu, basi kila Jumamosi akiniita nyumbani kwake tuzipitie. Mkewe, Bi Zuhura, hakuniruhusu kutoka mlangoni kabla sijala.

Mwalimu alipostaafu macho yakaanza kumsumbua. Presha ya macho. Herufi za vitabu zikawa hazisomeki tena kwake.

Mwaka juzi nikampelekea e-reader, kile kifaa cha kusomea vitabu kwenye skrini. Mle unaweza kukuza maandishi hadi maneno manne yajaze mstari. Nikampakilia riwaya thelathini hivi, nikamwonyesha kugeuza ukurasa, kukuza herufi, na kubonyeza neno kwa muda ili kuandika noti. Wifi nikamwambia asiiwashe, itammalizia chaji bure.

Kisha Bi Zuhura akaugua. Alikaa kitandani miezi saba, akafariki.

Nilienda mazikoni, nikarudi tena siku ya hitima. Siku hiyo, nikitaka kumfurahisha kidogo Mwalimu, nikamwekea kamusi moja ya zamani, PDF iliyopigwa skani ukurasa kwa ukurasa. Faili kubwa ajabu. Baada ya hapo kazi zikanizidi, tukawa watu wa simu tu.

Haukupita muda akanipigia.

"Katana, hiki kitabu chako chaganda. Nakifungua, chenda dakika mbili tatu, kisha ukurasa haugeuki. Nami nina haja nacho."

Nikamwelekeza kwa simu. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde arobaini. Kikawaka, kikaganda. Chaji mpaka ijae. Kikaganda. Badilisha waya. Vilevile. Wiki nzima tukawa hivyo, na kila akipiga sauti yake ilikuwa chini kuliko jana. Jumamosi nikaenda mwenyewe.

Alinipokea vizuri, akanitilia kahawa. Nikakaa barazani na kile kifaa. Kweli, nilipofungua riwaya ya kwanza tu, skrini ikakwama.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Mwalimu akachukua kofia yake.

"Naenda kuswali, narudi sasa hivi. Kitazame tazame."

Akaondoka. Nikakizima na kukiwasha mara mbili, hakuna mabadiliko. Nikaingia kwenye settings, nikaona reset. Likatokea onyo kwamba kila kilichomo kitafutika.

Wakuu, niliwaza kitu kimoja tu: vitabu vyote ninavyo kwenye laptop. Nikabonyeza ndiyo.

Msikiti uko nyumba ya tano kutoka pale. Ningengoja robo saa tu.

Mwalimu aliporudi, kifaa kilikuwa kinafunguka haraka kama kipya, na vitabu nimeshavirudisha vyote. Akasema mashallah, akanishika bega. Akakaa, akafungua riwaya moja ndefu, ile aliyokuwa akitusomesha kidato cha tatu. Akageuza kurasa. Akageuza tena. Akarudi nyuma. Akakisogeza kifaa karibu kabisa na uso.

"Katana, maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani, Mwalimu?"

"Ya Zuhura."

Hapo ndipo nilipojua. Ile miezi saba, kila baada ya adhuhuri, Mwalimu alikuwa akikaa kando ya kitanda akimsomea mkewe riwaya hiyo. Na Bi Zuhura, mnaomjua mtu wa aina hiyo mtanielewa, hakuwa wa kusikiliza kimya. Alikuwa akigombana na kila mhusika. Na kila alichosema, Mwalimu akakiandika kama noti, kwenye mstari uleule uliomfanya aseme.

Akanitajia chache. Mahali bwana mmoja anaapa kuwa anampenda mkewe: "Huyu mwongo, kamdanganya hata mwandishi." Kwenye karamu ya harusi: "Nazi ndani ya biriani? Aliyeandika haya hajawahi kuingia jikoni." Na mahali pengine: "Athmani, umeruka mstari. Rudi."

Noti zaidi ya mia mbili. Tangu mkewe azikwe, Mwalimu alikuwa hasomi riwaya. Alikuwa akizipitia kurasa ili akutane na maneno yake.

Nilichomeka kifaa kwenye laptop, nikatafuta mpaka nikachoka. Nikajaribu programu mbili za kurudisha mafaili. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeshapakia vitabu juu ya noti zile. Na nakala mtandaoni haikuwako, maana wifi mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza.

Kabla sijaondoka, kikaganda tena mkononi mwake.

Ndipo nikafanya nililopaswa kulifanya mwanzo: kuondoa faili moja moja na kujaribu. Tatizo lilikuwa ile kamusi, nami nilikuwa nimeirudisha pamoja na vitabu. Kifaa kilikuwa kikihangaika kuisoma yote chinichini hadi kinakwama. Nilipoitoa, hakijaganda tena mpaka leo. Kosa lilitoka kwangu, na reset haikusaidia chochote. Noti zote zilikuwa kwenye faili moja dogo la maandishi, ambalo ningelinakili kwenye laptop kwa dakika moja.

Mwalimu hakunikaripia. Alisema tu, "Hukujua." Baada ya muda akasema tena, "Hukujua, mwanangu." Angenifokea ningeona afadhali.

Sasa kila Jumamosi naenda na daftari. Mimi namsomea riwaya ile kwa sauti, na akikumbuka mkewe alichosema mahali fulani, ananisimamisha, naandika. Tumefika sura ya tisa. Tumepata noti kumi na moja.

Jumamosi iliyopita aliinua mkono. Nikashika kalamu. Akasema sentensi moja nzuri, ya kuchekesha, nikaiandika. Kisha akatikisa kichwa.

"La. Hilo nimelitunga mimi. Lifute."

Nikalifuta.

Wakuu, mimi hutengeneza vifaa vya watu kila siku, na sikuwahi kujiuliza mtu anakitumia kifaa chake kwa nini hasa. Kabla hujagusa reset, muulize mwenyewe mna nini mle ndani, hata kama unadhani unajua. Chomeka waya kwanza, nakili kila kitu, hata usichokielewa. Na kikianza kuganda, anza kulishuku faili la mwisho kuingizwa.

Wajuzi wa kurudisha data, kama kuna njia niambieni, na kama hakuna semeni hakuna. Na kama kuna mwenzangu humu aliyewahi kumharibia mtu kitu kama hiki, na mtu huyo akamsamehe papo hapo, naomba anieleze anaishi nalo vipi.