Mtende wa Mgeni

Nikisikia harufu ya majani makavu ya mndimu yaliyoloweshwa maji, hupita haraka hadi leo. Ni harufu ya kona ya nyuma ya nyumba yetu ya Ibra, msimu wa baridi nilipokuwa na miaka kumi, pale nilipojenga makao ya kalunguyeye. Kalunguyeye ni mnyama mdogo wa miba. Ukimgusa hujikunja akawa kama mpira. Jirani yetu, Mama Zuwena, alikuwa nao katika shamba lake, wakija wenyewe jua likizama kutafuta wadudu, nami nilitaka waje na kwetu. Nilisoma kila nilichokipata. Pasipigwe dawa ya wadudu, pawe na fungu la majani, tundu chini ya ukuta, na beseni la maji lenye mawe ya kupandia mnyama akitumbukia. Nilikuwa mtoto wa kupima kila kitu. Tundu nililipima kwa rula. Beseni nililichimba mwenyewe nikalitandika vigae vya buluu vilivyobaki bafuni, pembe nne sawasawa, na nilipotia mawe niliona yananiharibia kazi. Nikayatoa.

Bibi yangu, mama yake baba, alizaliwa Unguja. Huko walimwita Mmanga, Mwarabu wa kuja. Alipofika Ibra, mji wa wazee wake, wakamwita Mzanzibari. Alikuwa amekaa hapa zaidi ya miaka thelathini bila kupanda hata mtende mmoja. Kila mwaka Mama Zuwena alimletea mche wa mtende wa khalasi, na kila mwaka Bibi alimrudishia mche wake pamoja na sahani ya visheti. “Mtende ni wa mtu wa kukaa,” alisema. “Mimi napita tu.”

“Unapita miaka thelathini,” Mama Zuwena alimjibu siku moja kwa Kiarabu chake cha Ibra. “Hata ngamia kilema angekwisha fika.”

Bibi alicheka, lakini mche ulirudi ulikotoka. Kila alasiri alitandika jamvi lake karibu na kona yangu. “Mke mwenzangu,” aliniita hivyo, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, “mgeni wako hajafika?”

“Bado, Bibi.”

“Atafika. Nyumba ikiwa na baraka, mnyama huijua.”

Mwezi mzima ukapita, hakuja hata mmoja. Kwangu ilikuwa kama mtihani nilioufeli mbele ya watu. Tena niliogopa kwamba Bibi, kila akiitazama kona tupu, alikuwa akihesabu nyumba yetu haina baraka. Kwa hiyo ami yangu alipokwenda Sinaw kununua mbuzi, nilimfuata. Sokoni, kando ya vizimba vya kuku, bibi mmoja wa Kibedui alikuwa na kalunguyeye ndani ya tundu la waya. Nilimnunua kwa fedha zangu za Idi. Ami alinitazama nikimpakata njia nzima ndani ya boksi la viatu. “Subira huvuta heri,” alisema. “Wewe umeivuta kwa pikapu.” Nilimwapisha asiseme.

Alasiri ile ile Bibi alimkuta kalunguyeye akinusanusa majani ya mndimu.

“Kaja mwenyewe?”

“Kaja mwenyewe, Bibi.”

Sikufikiri hata kidogo. Jibu lilitoka safi kama vigae vyangu. Bibi alijifuta macho kwa pindo la kanga. Magharibi haijaingia, alikuwa amekwisha peleka sahani ya halua kwa Mama Zuwena, na ujumbe juu yake: alete mche. Ami alichimba shimo palepale kando ya beseni. Wakakubaliana kupanda asubuhi, kwa kuwa ndiyo zamu yetu ya maji ya falaji, mfereji wa mji. Ningeweza kusema wakati ule. Sikusema, kwa sababu sikuwahi kumwona Bibi akilitazama shimo la ardhi ya Ibra kwa furaha.

Baada ya sala ya alfajiri nilikwenda kumtazama kalunguyeye. Alikuwa akielea. Kucha zake zilikuwa zimeacha michirizi ya matope kwenye vigae, pande zote nne. Alizunguka beseni lote akitafuta pa kupandia, na pa kupandia nilikuwa nimepatoa mimi, kwa ajili ya uzuri. Nilimfunga katika mtandio wangu, nikamlaza chini kabisa ya shimo, nikamfukia kwa udongo na majani. Hata pale, nilisawazisha.

Jua lilipotoka waliupanda. Bibi aliushindilia udongo kwa mikono yake mwenyewe, akisema bismillahi. “Mgeni wangu yuko wapi?”

“Kajificha, Bibi.”

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka kumi na sita na imeota makuti. Siku hizi ninaishi Firq na kufanya kazi Nizwa. Nyuma ya nyumba yangu nina beseni lililojaa mawe, baya kulitazama, na hakuna kalunguyeye aliyelijia, wala sokoni siendi kumtafuta. Kiswahili cha kuandika nimejifundisha mwenyewe, na insha hii nimeiandika mara kumi na moja; kila mara nilikuta mahali nilipojitafutia udhuru, nikapafuta. Bibi sasa hutembea kwa kushikwa mkono na husahau majina ya wajukuu, lakini kila msimu wa tende huwasimulia wageni: “Nilikuwa mpita njia, mpaka mnyama wa porini alipokuja mwenyewe kuniambia kaa.” Ami huinamisha kichwa. Mimi humimina kahawa.

Ijumaa iliyopita Bibi alinipa tende moja mkononi. “Kula, mke mwenzangu. Tende ya mgeni wako.”

Nilikula. Ilikuwa tamu sana. Kokwa nililifumbata hadi Firq, na sikujua pa kulitupa.