Mtafiti Aliyempa Mgongo Mama Mkwe

Yule mwalimu wa historia ametangulia. Habari nilizipata Keroka, kando ya lori lililokuwa likipakia ndizi, kutoka kwa mwalimu mwenzetu wa zamani ambaye tangu nimjue hajawahi kuniletea habari njema hata kwa bahati mbaya. "Rafiki yako wa makaratasi ameenda," aliniambia, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kama nadhani mazishini kutakuwa na chakula. Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikaona machozi yananitoka mbele ya wapakiaji wa ndizi, ambao walinitazama kwa huruma wakadhani labda mzigo ulikuwa wangu. Wasomaji wa safu hii wanajua sina mazoea ya kumsifu mtu kwa sababu tu ameacha kupumua, na wanajua pia kwamba hapa hatutaji majina. Basi nitamsema kama alivyokuwa: mtu mwema, mkaidi, mwenye kikohozi kisichokwisha, aliyefanya kosa moja kubwa ambalo sidhani lingefanywa na mtu asiyezaliwa katika milima yetu.

Tulifundisha pamoja katika shule ya upili ya wasichana huko Nyamira, yeye historia, mimi Kiswahili. Mimi nilipenda porojo za walimu. Yeye alizichukia. Aliamini kwamba binadamu ni chombo kibovu cha kuhifadhia ukweli. "Mtu anasahau, mtu anatia chumvi, mtu anaogopa majirani," alikuwa akiniambia. "Karatasi haina jirani." Nilipomkumbusha kwamba karatasi nayo huandikwa na mtu, tena mara nyingi karani mwenye njaa anayengoja saa ya kutoka, alinitazama jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu kwa majivu. Likizo zilipofika, wenzake walienda kuchuma chai. Yeye alienda kuvuta vumbi la majalada Kisii, Kisumu, hata Nairobi, akarudi na kikohozi kipya na furaha ya bwana harusi.

Ugonjwa huo ulimshika mwishoni mwa miaka ya sitini. Katika stoo ya misheni moja, chini ya viti vibovu na mavi ya panya, alikuta ripoti ya zamani iliyosema kwamba msichana wa pande za Ekerenyo amewashinda wavulana wote katika aljebra, na kwamba mapadri, baada ya kubishana sana, wamempeleka Uganda akaendelee na hisabati. Baada ya hapo, kimya. Rafiki yangu hakulala vizuri tena. Mwanamke wa kwanza wa milima yetu kusomea hisabati, na hakuna aliyemjua! Miaka ikapita, akafukua jalada la pili: mwanamke mwingine, mke wa mtu, aliyefundisha jometri katika chuo cha walimu, jalada likafungwa ghafla. Kisha la tatu: baada ya Uhuru, mama fulani alikuwa akitunga mitihani ya hesabu ya wilaya nzima, naye akatoweka. Rafiki yangu alitamba katika chumba cha walimu. Wanawake watatu! Nani angedhani Wakisii tulikuwa na wanahisabati wanawake wa kutosha kuunda kamati?

Hapa inabidi niwaeleze wageni wetu mambo mawili. La kwanza ni majina. Mwanamke wa kwetu anazaliwa na jina lake, akiolewa anaitwa mke wa fulani, akijifungua anaitwa mama wa fulani, na kila anapovuka hatua, lile jina la nyuma linawekwa kando. Ongeza hapo makarani wa serikali, ambao mwalimu wa kike akiolewa walimbadilishia masharti ya kazi na kumfungulia jalada jipya, na ongeza makanisa yetu, ambayo hayakubaliani hata kuhusu siku ya kupumzika, kwa hiyo binti Mkatoliki akiolewa kwa Wasabato anabatizwa upya na kupewa jina jipya. La pili ni ile heshima kati ya wakwe tunayoiita chinsoni. Mwanamume wa kwetu hakai kupiga soga na mama mkwe wake, hamtazami usoni, haingii ovyo nyumbani kwake, na hathubutu hata kidogo kumuuliza alikuwa nani kabla hajawa mama mkwe. Marehemu aliishika heshima hiyo kuliko alivyoshika katekisimu. Akimwona mama mkwe wake njiani, alijitosa kwenye mashamba ya ndizi ya watu akajifanya anakagua mikungu.

Sasa kuhusu mkutano. Katikati ya miaka hii ya sabini, mwenyekiti wa bodi ya shule yetu, mzee mwenye tumbo la heshima na maduka ya kutosha, aliamua kwamba kuanzia kidato cha tatu wasichana wasifundishwe hisabati tena. Wangepewa sayansi kimu na ushonaji. Alikuwa na sababu zake, na zote zilianza kwa maneno "mwanamke kwa asili yake." Walimu tulipolalamika, alitutega: "Leteni mimi mwanamke mmoja tu wa hii milima alifanya hesabu mpaka mbali. Mmoja tu. Mkikosa, hiyo darasa nafunga, na wasichana wajifunze kupika chakula watu wanaweza kula." Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mdogo wa mke wa rafiki yangu, kitindamimba wa nyumba yao, alilia darasani siku mbili mfululizo. Alikuwa bingwa wa hesabu, na kwa chapati hakuwa na matumaini yoyote.

Rafiki yangu aliniambia nisihofu. Ameombwa mmoja, yeye ana watatu.

Mkutano ulifanyika katika darasa lenyewe la kidato cha tatu, mimi nikiwa mwandishi wa kumbukumbu, wazazi wamealikwa kusikiliza. Rafiki yangu alisimama na majalada yake kifuani, akakohoa, akafungua kinywa, na hapo hapo mama mkwe wake akaingia, akaketi dawati la mbele kabisa. Kumbe alikuja kama mzazi wa yule kitindamimba. Rafiki yangu alifanya alichofundishwa kufanya: aligeuka nyuma. Hotuba yake yote, matunda ya miaka ya vumbi, aliisoma akiwa amelitazama dirisha, sisi tukitazama kiraka cha koti lake. Mwalimu mkuu, aliyetoka pwani, aliniuliza kwa kunong'ona kama mtu huyu ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, ana mkwe.

Hotuba ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyotuponza. Mwenyekiti si mjinga, ni mbishi tu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Huyo wa kwanza, baada ya Uganda alifanya nini?" Jalada halikusema. "Na wa pili, aliendelea kufundisha?" Jalada lilifungwa. "Na wa tatu?" Alitoweka. Mwenyekiti alitabasamu, akawageukia wazazi. "Mnaona? Mwalimu amefanya kazi mzuri sana. Wanawake watatu walianza hesabu, na wote watatu walishindwa njiani. Sasa hawa wasichana wetu tunawapeleka wapi?" Niliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Rafiki yangu, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa ameleta ushahidi wa kulifunga darasa alilokuja kulitetea. Nilimwona mabega yakishuka, lakini hata hapo hakugeuka. Kule nyuma kitindamimba alijifunika uso kwa sketi yake.

Ndipo mama akasimama. Naye pia hakumtazama mkwewe, heshima ni ya pande zote mbili, kwa hiyo aliutazama mlango, akasema na mwenyekiti kwa Kiswahili kilichonyooka cha mtu aliyekifundisha. "Mzee Mwenyekiti, tafadhali mwambie huyo mwalimu anayetazama nje kwamba amejumlisha vibaya. Hakuna wanawake watatu walioshindwa. Yuko mmoja, na hajashindwa." Akayataja majina yote matatu, lile alilobatizwa kwa Wakatoliki, lile la mume, lile la mwanawe wa kwanza, yote majina ambayo kila kijiji chetu kinayo kumi. Alieleza kwamba jalada la kwanza lilifungwa alipoolewa, la pili alipofiwa na mume akarudi kazini kama mama wa fulani, na la tatu alipopelekwa wilaya nyingine kutunga mitihani huko huko, na kwamba mpaka leo hii wanafunzi wa chuo wanamfuata kwenye shamba lake la chai na ndizi kuuliza hesabu zilizowashinda. "Mimi sijawahi kuacha," alisema. "Ni makarani waliokuwa wakiniacha."

"Hata mimi naweza kuja hapa niseme nilikuwa gavana," mwenyekiti akajibu.

Kwenye ubao kulikuwa na thibitisho la kanuni ya duara ambalo kengele ya asubuhi ilimkatizia mwalimu wa hisabati. Mama alilitazama kidogo, akaomba chaki. Sitajidai kwamba nilielewa. Ninachojua ni kwamba alilimaliza kwa mwandiko wa mtu aliyefundisha walimu, na kwamba mwalimu wa hisabati alisimama, akasoma mstari kwa mstari, akamwambia, "Shikamoo, Mwalimu," ingawa salamu zilishapita. Kura ilipigwa. Darasa halikufungwa. Mwenyekiti alipiga kura ya kulifunga peke yake, kwa ajili ya tumbo lake nadhani, na rafiki yangu aliinua mkono akiwa bado anatazama dirishani.

Jioni hiyo, nyumbani kwake, nilimkuta mkewe akikaanga mboga za chinsaga na kucheka mpaka sufuria inatikisika. Rafiki yangu alimlalamikia: ameishi naye miaka yote hiyo, kwa nini hakumwambia mama yake ni mwanahisabati? "Uliniuliza lini?" akajibu. "Uliniambia unatafuta mtu wa historia. Mama yangu si yuko hapa tu?" Na mtafiti wetu akakaa chini, akakohoa. Kwa mara ya kwanza aliamua kumhoji mtu aliye hai, ila hakuruhusiwa kumhoji. Kwa hiyo walitengeneza mtambo wao: mama anaketi ndani, yeye nje chini ya dirisha, mke mlangoni. Yeye anauliza, mke anarudia, mama anajibu, mke anarudia. Mke alichoka na urasmi huo mapema, akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe, na nimeisoma rasimu ya kitabu: kurasa zenye uhai ni zile za maswali ya mke. Kitabu hakikuisha. Kifo kilimkuta akisahihisha sura ya Uganda.

Tulimzika nyumbani kwake juzi, mchanga mwekundu, mvua ikituhurumia mpaka jeneza likashuka. Hotuba zilikuwa nyingi na mbaya. Mwenyekiti naye alipanda jukwaani, sauti imelegea kwa majonzi, akatangaza kwamba marehemu alikuwa shujaa aliyemgundua mwanahisabati wetu wa kwanza, akamtoa gizani, na kwamba yeye mwenyewe, mwenyekiti, aliunga mkono tangu mwanzo. Mimi nilikuwa na hotuba yangu mfukoni, fupi na ya kuchekesha, yote kuhusu mgongo wa marehemu na lile dirisha. Kabla sijaitwa, sauti ilitoka upande wa wanawake. Mama alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu alielekeza uso wake moja kwa moja kwa mkwewe, sasa ambapo yeye hakuweza tena kugeuka.

"Mwenyekiti, huyu hakunigundua," alisema. "Mimi sikuwa nimepotea. Nilikuwa nalima pale juu, na ninyi wote mlikuwa mkinipita. Lakini huyu alinitafuta. Alinitafuta vibaya, alinitafuta mahali sipo, lakini alinitafuta. Ninyi hamkunitafuta."

Niliikunja hotuba yangu nikairudisha mfukoni. Nilikuwa nimekuja na fundisho la kuwapa, kwamba aulizwe mtu kabla ya karatasi, na bado naliamini. Lakini ni fundisho jepesi, la kumfaa mtu kama mimi, niliyekaa chumba cha walimu nikimcheka mwenzangu na kikohozi chake, huku nikinunua ndizi za yule mama bila kumuuliza lolote. Mchekeni anayetafuta vibaya, anachekesha kweli. Mkimaliza kucheka, jiulizeni ninyi mmemtafuta nani.