Kutoa Hewa Njia Panda ya Mgololo

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hakai mbele ya baba mkwe wake. Hawatazamani, hawasemezani, na wakikutana njiani mmoja wao anajifanya ana shughuli kichakani. Siku hizi wengi wameshaacha, hasa watu wa mjini. Lakini baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa wa aina ile inayoshika Biblia kwa mkono mmoja na mila kwa mkono wa pili, na hakuna mkono unaochoka. Mimi ni Mhehe wa Kilolo. Nilipoolewa kwao nilihamia mtaa wa Soweto, Mbeya, na kwa miaka minne nilimjua mzee huyu kwa kisogo na kikohozi.

Akija kututembelea na akitaka maji, alimwambia mkewe, nami nikiwa nyuma ya mlango nasikia kila neno: "Mwambie mkamwana naomba maji." Mama mkwe alinigeukia bila hata kutabasamu. "Baba anaomba maji." Nilileta maji, nikampa mama, mama akampa baba. Siku hizo maji ya kunywa nyumbani kwetu yalitembea kuliko watu.

Ndipo baba yangu mzazi akalazwa hospitali ya misheni huko Iringa, afanyiwe upasuaji wa tumbo. Daktari alimwambia kaka yangu bila kumung'unya maneno: moyo wa mzee ni dhaifu, anaweza asiamke. Upasuaji ulipangwa kesho yake saa mbili asubuhi, na mwisho wa kuona wagonjwa ni saa kumi na mbili jioni. Mume wangu alikuwa safarini kikazi. Nikafunga mkoba wangu niwahi basi.

Baba mkwe akaleta ujumbe kwa njia zake za kawaida. Mzazi mwenzake hawezi kuumwa namna ile halafu yeye akatuma salamu kwa basi. Tutakwenda wote watatu, na mama mkwe, kwa pikapu yake, na gunia la mchele wa Kyela, na mkungu wa ndizi. Sikuweza kukataa. Pikapu hiyo ya dizeli ina kiti kimoja tu cha mbele, wanakaa watatu kwa kubanana, na kubanana na baba mkwe ni jambo ambalo mila haikuwahi hata kuliwaza. Basi nilikaa nyuma juu ya gunia la mchele, nimejifunika blanketi la mama mkwe na kukumbatia furushi la zana za gari, mgongo wangu kwao na uso wangu Mbeya. Nilikwenda Iringa kinyumenyume.

Tulipoipita Makambako gari likaanza kukosa nguvu. Kila kilima likikohoa, kila kilima likipunguza mwendo, hadi karibu na njia panda ya Mgololo, pale malori ya magogo yanapokata kona kwenda kiwanda cha karatasi, likagoma kabisa. Baba mkwe akafungua boneti, akamtangazia mkewe kwa sauti ya kunitosha na mimi: "Filta imeziba. Ninayo nyingine."

Alikuwa sahihi, hapo simnyimi haki yake. Nilisikia akifungua ile ya zamani, nikasikia akirarua boksi la mpya, nikasikia akiifunga. Katikati hapo nilisubiri sauti ya dizeli ikimiminwa ndani ya filta. Haikuja.

Baba yangu aliendesha malori ya mbao maisha yake yote, na kila likizo nilisafiri naye. Alinifundisha filta kabla mama hajanifundisha kusonga ugali. Ijaze kwanza dizeli safi, paka mafuta mpira wake, ifunge kwa mkono, kisha pampu mpaka hewa yote itoke. Injini ya dizeli, alikuwa akisema, inavumilia mzigo, tope na matusi ya dereva, lakini hewa kwenye mafuta haiivumilii hata kidogo.

Gari liliwaka, likaunguruma nusu dakika kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, likazima. Baba mkwe akapiga stata. Akapiga tena. Akaendelea kupiga kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa anayejua yumo ndani. Betri ilianza kwa kuvuma, ikaja kulalamika, sasa ilikuwa inaguna. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mabasi yalipita yamejaa, hakuna lililosimama.

"Mama," nikasema, nikiangalia Mbeya, "mwambie baba aache kupiga stata. Betri ikiisha hatufiki."

Mama mkwe akashuka, akaenda mbele. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Mkamwana anakusalimia. Anasema, kama haitakuwa kukukosea adabu, pengine betri nayo ingependa kupumzika."

Baba mkwe akaachia ufunguo. Kisha: "Muulize mkamwana, yeye angefanyaje?"

Nikaeleza, mama akabeba maneno. Juu ya filta kuna kitufe kikubwa, hicho ndicho pampu ya mkono. Pembeni yake kuna skrubu ndogo. Legeza skrubu kidogo, halafu bonyeza kitufe mfululizo. Mafuta yatatoka na povu. Povu likiisha, kaza hapohapo huku ukiendelea kubonyeza, kwa sababu ukiacha kabla ya kukaza, hewa inarudi.

Baba mkwe akaanza kupampu, mama akiwa mpiga ramli wetu juu ya injini. "Povu... povu bado... limeisha!"

"Kaza!" nikasema.

"Baba," mama akasema, "mkamwana anasema, samahani kwa kukusumbua, kama umeshafika mahali pazuri, basi unaweza ukakaza."

Kufikia hapo kidole gumba cha mzee kilikuwa kimechoka, ameacha kupampu, na hewa imesharudi ndani. Tukaanza upya. Mara ya pili mama alifupisha samahani lakini akaongeza shukrani. Hewa ikarudi tena.

Saa ikasogea hadi saa kumi kasoro dakika chache, na hapo niliogopa kweli. Niliogopa kufika na kukuta geti limefungwa, na kesho yake kuambiwa habari za baba yangu na watu wengine. Mimi hasira zangu ziko karibu, lakini siku hiyo nyingi zilikuwa woga. Mara ya tatu sikumsubiri mama. Nilisikiliza mwenyewe, mafuta yakitematema, yakitematema, halafu yakatiririka bila kukatika.

"Baba, kaza!"

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika Mafinga. Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga. Lori la magogo likapita, likatokomea. Nami nikawa nahesabu namna nitakavyoomba msamaha, na kupitia kwa nani.

Kutoka chini ya boneti sauti ikaja, ya taratibu kabisa: "Mwambie mkamwana nimekaza."

Betri ikaguna mara mbili, injini ikashika.

Tulifika imebaki nusu saa. Mimi na mama mkwe tukaingia wodini, baba mkwe akabaki barazani, kama inavyompasa. Baba yangu alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yake yaleyale. Akanishika mkono, akaunusa.

"Dizeli," akasema. "Nani kafunga filta kavu?"

Mikono yangu haikugusa injini. Ilikuwa harufu ya lile furushi la zana, nililolikumbatia nyuma ya gari njia nzima. Lakini baba hakukosea. Na mimi nisingeweza kumwaibisha mzazi mwenzake mbele yake. "Gari lilisumbua tu, baba."

Mlangoni mtu akakohoa. Baba mkwe akaingia, akaja kusimama pembeni yangu, bega kwa bega, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Kamwene, mzee mwenzangu," akasalimia kwa Kihehe cha kuokota. "Ni mimi niliyeifunga kavu. Binti yetu ndiye aliyeniamrisha nikaze."

Baba alicheka hadi muuguzi akachungulia. Baba mkwe akanigeukia, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikaona mume wangu alikoyatoa macho yake.

"Mwanangu," akaniambia, "kaa na baba yako. Sisi tutasubiri nje."

Nikakaa. Baba akataka nimsimulie kazi yote tangu mwanzo, skrubu ililegezwa kiasi gani, nilijuaje kuwa hewa imekwisha. Nilipokosea alinisahihisha. Kengele ikalia bado tunabishana kuhusu ule mpira wa filta. Kesho yake, baada ya upasuaji, hakuamka, na mimi sioni aibu kwamba maneno yetu ya mwisho yalikuwa ya filta.