Mtaro Nilioukata Juu ya Kisima

Kwa miaka mingi nimefundisha jiografia katika shule ya msingi ya kijiji kimoja huku Mtunda, na kila mwaka nimechora ubaoni picha ileile: wingu, mvua, mwinuko wa ardhi, na mishale ya chaki ya bluu inayopenya udongo hadi kisimani. "Maji ya kisima yanatoka wapi?" nauliza, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja. Naanza na hili ili msomaji asije akanionea huruma akidhani sikujua. Nilijua. Ila nilijua kwa ajili ya mtihani.

Shamba alilotuachia marehemu baba liko juu kidogo ya kisima cha kijiji. Katikati yake palikuwa na mahali palipobonyea kama sinia, pamezungukwa na matete na kichaka cha miiba. Wakati wa masika maji yalijaa pale, yakakaa wiki baada ya wiki, vyura wakipiga kelele na mbu wakizaliana, kisha yakapotea polepole bila mtu kuona yalikokwenda. Baba hakulima pale hata siku moja. Nilipomuuliza sababu alisema tu, "Pale paache palivyo." Mimi, msomi wa familia, nikaona ni uvivu uliovishwa kanzu.

Baadaye ufuta ukapata soko, na kila mtu akaanza kulitazama shamba lake kwa jicho jingine. Nilifyeka kichaka chote, nikachoma matete, nikaita trekta kutoka Bungu. Kwa kuwa ufuta hautaki maji yasimame miguuni mwake, nilikata mtaro kutoka kwenye lile dimbwi hadi kwenye mfereji wa barabarani. Mvua ya kwanza ilipopiga nilisimama shambani na mwavuli wangu, nikitazama maji mekundu yakikimbia kwenye mtaro, yakipita chini ya barabara na kutokomea. Nilimwita mke wangu aje aone. "Kabla ya adhuhuri pamekauka!" nilimwambia, nikicheka. Mwaka ule ufuta ulikubali sana, majirani wakaja kunipongeza, nami nikavimba kichwa.

Kiangazi kilichofuata, ndoo zikaanza kugonga tope kisimani. Wazee wenyewe walisema hawajapata kukiona kisima kile kikifika hali hiyo. Kina mama walikaa pembeni wakisubiri maji yajikusanye, wakayateka kwa kata kidogo kidogo, na aliyechelewa aliondoka na maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Kwetu inaaminika kwamba maji yana mwenyewe. Wengine husema ni nyoka mkubwa, wengine hawasemi ni nini, wanamwita mwenyewe tu. Wote wanakubaliana kwamba hapendi masizi, kwa hiyo chombo kilichokaa motoni hakitumbukizwi kisimani. Ikawa maji yakipungua, cha kwanza kutafutwa si sababu bali mwenye sufuria.

Naye akapatikana. Alikuwa mke wa jirani yangu, mwanamke aliyeolewa kutoka Salale, kule kwenye mikoko ambako maji ya kunywa huletwa kwa mtumbwi na hakuna mtu anayeyachezea. Ndoo yake ilikuwa imepasuka, na siku moja alionekana kisimani ameshika sufuria. Bibi mmoja mwenye ulimi mkali, ambaye ndiye anayesimamia usafi wa kisima, akapaza sauti: "Ni huyu! Kalitia sufuria la masizi, mwenyewe keshahama!" Mwanamke yule akajieleza kwamba sufuria aliliweka chini, akalijazia maji kwa kata. Nani amsikilize? Alikuwa mgeni, na kisima kilikuwa kinakauka. Aliambiwa asikanyage pale hadi shauri lake liishe, akawa anakwenda kuteka kijiji cha pili, mtoto mgongoni na dumu kichwani.

Mimi habari hizo zilinikuta barazani kwangu, nikacheka. Nilimwambia mke wangu kwamba watu hawa hata ukiwasomesha vipi hawasomeki. Hicho ndicho nilichomfanyia jirani yangu: nilicheka.

Uongozi wa kijiji ulimleta fundi wa visima kutoka Ikwiriri aongeze kina, nami nikaombwa kusimamia, kwa kuwa ni mtu wa elimu. Wakati fulani wenzangu walikwenda kutafuta mbao, nikabaki peke yangu nimeshika kamba. Sauti ya fundi ikapanda kutoka chini.

"Mwalimu, maji ya humu yalikuwa yanaingilia upande mmoja tu, huu wa juu. Njia yake naiona, mchanga umeoshwa mweupe kabisa. Sasa pakavu. Huko juu kwenu mmefanya nini?"

Niligeuka nikatazama upande aliokuwa akiusema. Palikuwa ni shambani kwangu, mabua ya ufuta yamesimama na mtaro umenyooka kama rula. Mishale yangu ya bluu ikanijia yote kwa pamoja. Maji yale yaliyokuwa yakipotea polepole, ambayo baba aliyaachia nafasi, hayakuwa yakipotea. Yalikuwa yanashuka huku.

"Hamna kitu," nikamjibu. "Shamba tu."

"Haya," akasema fundi, akaendelea kuchimba.

Nimejitafutia visingizio vingi kuhusu jibu lile. Kwamba sikuwa na hakika, kwamba ningevuruga kazi, kwamba mwalimu akidharauliwa kijijini watoto hawatamsikiliza darasani. Vyote takataka. Niliogopa kuaibika, basi.

Kuchimba kulisaidia kidogo tu, na wazee wakaamua isomwe dua kisimani. Mwanamke wa Salale alitakiwa apike ubwabwa wa watu wote na kuomba radhi hadharani. Siku ilipofika alisimama mbele yetu, khanga ameivuta hadi kwenye paji la uso, akasema kwa sauti ndogo, "Nimekosa, nisameheni." Nilikuwa nimekaa mkekani mstari wa mbele. Dua iliposomwa niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha ubwabwa ukaja, umepikwa kwa tui zito, mtamu. Alipopita karibu yangu na sinia nilimwambia, "Niongeze kidogo, shemeji." Akaniongeza. Nimefanya makosa mengine maishani, lakini nikilikumbuka neno hilo masikio yanawaka moto.

Siku chache baadaye nilichukua jembe nikaufukia mtaro, peke yangu, nikiwaambia wapita njia kwamba unakula udongo wa shamba. Pale palipobonyea sikupanda tena kitu. Matete yakarudi yenyewe, masika yakaja, maji yakasimama, vyura wakaanza kelele zao. Baada ya masika ya pili kisima kilijaa hadi kwenye alama ya zamani. Kijiji kizima kikasema dua imekubaliwa, nami nikatingisha kichwa pamoja nao.

Ila kisima kujaa hakukumsafisha yule mwanamke. Kulimthibitisha. Si aliomba radhi, na maji si yakarudi? Kwenye shughuli, wenzake wakipika, yeye alitengwa pembeni na karai la vitunguu, asiguse maji wala sufuria. Watoto wake waliitwa wana wa masizi, hata darasani kwangu, na nilipowachapa waliowaita hivyo nilijua fika anayestahili fimbo ni nani.

Mwaka huu nilipiga moyo konde nikaenda kwake. Ilikuwa alasiri, mumewe hayupo, yeye anapepeta mchele kwenye ungo mbele ya nyumba. Nikamwambia yote: kichaka, mtaro, swali la fundi, jibu langu. Hakuacha kupepeta hadi nilipomaliza.

"Mimi sufuria sikulitia, mwalimu," alisema. "Nilikiri ili wanangu wapate kuteka maji."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba vizuri, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, nikaanza kusikia kifua kikipoa. Akaweka ungo chini.

"Sasa unaniambia mimi ya nini, shemeji? Mimi si nilikuwa najua kwamba sikulitia? Kawaambie wao. Nenda kesho asubuhi kisimani, wanawake wakiwa wamejaa, na yule bibi yupo. Mimi nitakuwa hapahapa. Wakitaka kuniuliza neno, wataniita."

"Inshallah," nikasema.

"Iwe inshallah ya kweli, mwalimu."

Asubuhi nilikwenda. Nilichukua ndoo, maana mwanamume kutokea kisimani mikono mitupu ni maswali. Kweli walikuwa wamejaa, na bibi alikuwa amekaa kwenye ukingo. "Shikamoo, mwalimu!" wakanisalimu huku na huku, nami nikajibu marahaba, marahaba. Wakanipa nafasi. "Mpisheni mwalimu ateke," akasema bibi, "ana vipindi huyu." Nikafungua mdomo. Mama mmoja akaniwahi, akaniuliza mwanawe anaendeleaje na hesabu. Nikamwambia anajitahidi. Mwingine akanipokea ndoo, akanijazia hadi juu, akanitwisha begani kwa heshima zote. Nikashukuru. Nikaondoka.

Njia ya kwangu inapita mbele ya nyumba yake. Alikuwa amefagia uwanja, ameketi barazani, uso ameuelekeza kisimani. Alikuwa amejifunga doti mpya, ile ya kutokea kwenye shughuli za watu, na wanja amepaka. Aliponiona akasimama, akazirekebisha khanga zake begani.

"Wamesemaje, mwalimu?"

"Nimekuta watu wengi," nikamjibu.

Akaitazama ndoo. Maji yalikuwa yakinichuruzika mgongoni na sikuwa na pa kuitua. Aliingia ndani, na kabla sijafika kwenye kona nikamwona ametoka tena na ungo wake, amevaa khanga za kazi.